Tonton, Nilikuvuta kwa Mbavu

Tonton,

Kiti chako kimeanza kulia upande wa kushoto, pale ulipokuwa unaegemea ukitafuta miwani ambayo muda wote ilikuwa juu ya kichwa chako. Leo nimekikalia kwa mara ya kwanza. Siku zote hizi nimekuwa nikifanya kazi nimejikunja kwenye kibao changu kama mgeni, na mteja akiuliza kwa nini kiti kikubwa kiko wazi, namwambia kina mguu mbovu. Kiti hakina kasoro yoyote. Mwenye kasoro ni mimi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nilikudanganya. Nalitanguliza neno hili kabla ya salamu, maana unanijua, nikianza kuzunguka sirudi. Uliniuliza kama ile picha yako ya kwanza iko, nikakujibu iko. Haikuwapo. Ukaondoka duniani ukiamini iko.

Unaikumbuka siku yenyewe ya picha? Umeme ulikuwa umetukimbia wiki nzima, tukabaki tunafukuza nzi na kusikiliza jenereta za wenye bahati. Halafu saa nne asubuhi taa ikawaka. Mtaa mzima wa Mangobo ukapiga kelele, fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, wamama wa mashine ya kusaga, kila mtu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya meza, mbele ya ukuta wetu wa mbao za buluu, karibu na ile CD uliyoipigilia msumari ili ujitazamie ukipunguza ndevu. Uliinua mikono miwili kama mtu aliyefunga bao, ukacheka hadi ufizi ukaonekana. Nikakupiga picha kwa simu yangu. Ukasema, "Fura, futa hiyo, niko na shati ya kazi." Sikufuta.

Ilikuwa picha yako pekee. Wewe uliyetengeneza nyuso za nusu ya Mangobo, hukuwa na uso wako mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho cha kupiga kura, na pale unafanana na mtu aliyekamatwa.

Nilikuja kibandani kwako na diploma yangu, nikakuita Tonton, yaani mjomba, kama walivyokuita wote, nikidhani kazi ya kuweka picha kwenye kioo cha kompyuta ni mchezo. Mtu analeta kompyuta yake, analeta picha yake, unabonyeza, basi. Wanafunzi walitaka miji ya Ulaya. Karani mmoja alitaka asimame na gari jeupe ambalo sote tulijua ni la bosi wake, wewe ukamwambia, "Bon, lakini ukifukuzwa usirudi hapa nikutoe ndani ya gari." Mchungaji yule mnene alitaka kichwa chake kipite paa la kanisa lake. Ulimcheka mbele yake, naye akacheka, kwa sababu wewe ulijua kumcheka mtu asikasirike. Mimi jambo hilo bado linanishinda.

Kisha akaja yule mama kutoka kambi ya Kapalata. Mume wake askari alikuwa amekufa, na binti yao mwanafunzi alitaka baba yake akae kwenye kompyuta. Picha ilikuwa nyembamba, ya kusimama, mtu mmoja mrefu mbele ya ukuta wa kambi. Kioo kipana, picha nyembamba. Nilikwambia tuivute tu upande huu na huu hadi ijae, mama wa watu hatajua. Hukunipigia kelele. Ulisema, "Mama hatajua. Mutu wa mule ndani njo atajua," yaani aliye ndani ya picha ndiye atakayejua. Ukakaa asubuhi nzima ukichukua matofali ya ule ukuta, unayanakili moja moja, unayapanga kushoto, unayafuta mshono, mpaka ukuta ukaenea kioo chote na askari akabaki vile alivyokuwa. Ulimweka upande wa kulia, kwa sababu alama za mafaili hujipanga kushoto, na hukutaka mtu afungue kompyuta akute kapu la takataka limekaa juu ya paji la uso wa baba yake.

Siku hiyo ulinifundisha sheria yako. Ukuta ongeza unavyotaka. Maji ongeza, mawingu ongeza, majani ongeza. Mtu usimguse. Ukitaka kumkuza au kumpunguza, mshike kwa kona, upana na urefu viende pamoja. "Usimuvute mutu kwa mbavu, Fura." Na kama huna hakika iwapo picha imeshavutwa na fundi mwingine, tafuta ndani yake kitu cha mviringo, sahani, gurudumu, chochote. Kikiwa yai, mtu naye amedanganywa.

Nilijua haya yote, Tonton. Miaka tisa nilikuwa nayafanya bila kufikiri.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ulikuwa hospitali wiki ya tatu, figo zimekataa, sukari imepanda. Nilikuwa nimekuja kukuona Jumapili na nilitoka nje kabla ya wakati kwa sababu sikuweza kuitazama mikono yako juu ya shuka. Kesho yake Mama Salima, mke wako, akanipigia simu kwamba wamekuruhusu, mko njiani kwa pikipiki, na kabla ya nyumbani umelazimisha mpitie kibandani. Nikataka ukute kitu kizuri. Nikahamisha ile picha ya kucheka kutoka kwenye simu, nikaikata kidogo juu na pembeni, nikaiweka kwenye kioo chako. Ilibaki na mistari miwili myeusi kushoto na kulia. Umeme ulikuwa unacheza. Nikafungua kile kifuli kidogo kinachofunga upana na urefu, nikaandika vipimo vya kioo, nikabonyeza.

Ningeweza kusema ni haraka. Kwa muda mrefu nimejiambia ni haraka. Lakini nilikuona pale ukiwa umetanuka, mashavu yamejaa, shingo imerudi, mabega ya mwanamume anayekula akashiba. Nikafurahi. Nilikaa nikikutazama, nikajisemea kwamba ungepona ungekuwa hivi. Ndipo nikahifadhi, juu ya ileile, kwa jina lilelile, mimi ninayewagombeza watoto wa shule kwa kosa hilo kila siku. Kwenye simu nako haikubaki, maana niliihamisha bila kunakili, na simu yenyewe ilinitoka mkononi siku nne baadaye kwenye pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia, nikienda Lubunga. Mto haurudishi simu.

Uliingia umeshikwa kwapani na dereva wa pikipiki. Ukakaa kwenye kiti hiki. Ukatazama kioo, ukanitazama. "Fura, huyu tajiri iko nani?" Tukacheka. Halafu ukaacha kucheka, ukainamisha kichwa karibu na kioo, ukasema taratibu, "Rudisha ile ya kwanza. Ya kwanza iko?"

"Iko, Tonton."

Mara mbili nyingine uliniuliza. Mara mbili nilikujibu hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba ukipata nguvu nitakupiga nyingine. Hukupata nguvu.

Ulifariki alfajiri, na kabla ya alasiri ulikuwa umeshazikwa, kama dini yako inavyotaka. Watu walikuja kwangu wakiwa bado na udongo kwenye viatu. Matanga yanataka picha langoni, ili anayepita ajue analia nani. Mimi ni fundi wa picha, mimi ndiye nilikuwa na mashine yako, na ndani ya mashine mlikuwa na Tonton mmoja tu. Nikatoa ile. Wakaenda kuichapisha mjini kwenye turubai kubwa, na turubai likakuvuta tena kidogo, maana fundi wa kule naye hakuuliza.

Sheikh alipita chini yake akainamisha macho. Lakini majirani! Walisimama pale wakitikisa vichwa. Kumbe alikuwa na afya. Kumbe mwili ulikuwapo. Miezi yote ile hao hao walikuwa wakinong'ona kwenye bomba la maji kwamba Mama Salima anapika kwa ajili ya tumbo lake, mume anakauka. Mama Salima alisikia kila neno, unajua mtaa wetu hauna ukuta. Siku ile alinishika mkono akasema, "Asante, mwanangu. Umemurudishia mwili." Nilienda jikoni nikasaidia kuponda lituma, nikazitwanga zile ndizi mpaka wamama wakaniambia zimetosha.

Siku ya tatu akafika Mwamini, binti yako.

Treni ya Ubundu ilikuwa imesimama, kwa hiyo alikuja kwa pikipiki na mtoto mgongoni, mwekundu wa vumbi toka nywele hadi miguu. Miaka sita hakuwa amekuona. Kaburi alikuwa ameshalikosa. Kitu cha kwanza cha baba yake alichokutana nacho kilikuwa lile turubai. Alisimama mbele yake, akafungua mtoto mgongoni, akampa mtu ambaye hata hamjui. Tukangoja alie. Hakulia.

"Huyu haiko papa yangu," akasema.

Watu walidhani ni uchungu. Wakamshika. Akajitoa mikononi mwao, akamgeukia Mama Salima, ambaye si mama yake mzazi na hilo siku ile kila mtu alilikumbuka. "Papa yangu mulimutia wapi? Huyu mulimutoa wapi?" Mama Salima akakaa chini kwenye udongo. Mtu mmoja akaanza kumwuliza Mwamini yeye alikuwa wapi ulipougua, na maneno yakaanza kuruka ambayo sitakuandikia. Mwamini hakula, hakunywa hata maji ya kwenu. Alilala kwa rafiki yake, asubuhi akarudi Ubundu.

Katika ua ule wote, Tonton, mtu aliyejua kwamba Mwamini amesema kweli alikuwa mmoja tu, nilivyodhani, na alikuwa amesimama na sahani ya lituma mkononi.

Baada ya hapo nilifungua kibanda kwa sababu kazi haingoji. Kila asubuhi nawasha, na wewe unatokea, mnene, unacheka, mikono juu. Nilijifunza kufungua faili haraka ili likufunike. Wateja walipenda picha ile. Wawili waliomba niwatengenezee ya wazazi wao "kama ya Tonton." Nilisema mashine imeharibika.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyenifungua macho bila kujua. Alileta picha ya timu yake, tayari imeshanyooshwa kwenye kioo, wachezaji wote wafupi na wapana. Mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti yako kabisa, "Angalia mupira. Mupira imekuwa yai." Akacheka. Mimi sikucheka. Niligeuka nikatazama kioo chako, nyuma ya bega lako la kulia, na pale ilikuwapo CD ya ndevu. Wiki zote zile sikuwahi kuitazama, maana nilikuwa nakimbia uso. Ilikuwa yai, yai lililolala, na hata tundu lake la katikati lilikuwa yai dogo.

Na CD yenyewe, ya kweli, iko hapa ukutani. Niliitazama, nikatazama ile ya picha. Sikuwa nakumbuka niliikata picha kiasi gani siku ile, kwa hiyo hesabu za simu zisingenisaidia. Lakini CD haihitaji kukumbukwa. Duara ni duara.

Nilimwomba mwanafunzi angoje. Nikachukua kipande cha karatasi nikakibandika kwenye kioo, juu ya uso wako. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Sikuwa naliamini jicho langu, lingesimama pale linapopenda. Nikawa napunguza upana kidogo kidogo, urefu nikiuacha, natazama CD tu na tundu lake, napima kwa rula kwenye kioo, narudi, napunguza tena. Ilipokuwa duara, upana sawa na urefu, nikahifadhi kwa jina jipya. Nimejifunza, unaona. Halafu nikabandua karatasi.

Tonton, ulikuwa umeshaanza kuondoka. Siku ile ya umeme, siku tuliyocheka, mashavu yako yalikuwa yameshaingia ndani, na mfupa wa shingo ulisimama ndani ya shati ya kazi kama mpini wa jembe. Nilikuwa nakaa hatua mbili kutoka kwako. Nilikuwa nakuona kila siku, na sikukuona. Tuliendelea miezi mitano baada ya picha ile kabla ya mtu yeyote kutamka hospitali. Nililia mbele ya yule mwanafunzi, naye maskini akadhani nalilia timu yake, akaniambia walishinda.

Nilianza na Mama Salima. Nilienda mchana, nikampata anachambua sombe, majani ya muhogo, nikamwekea simu ya dada yangu mbele yake, picha zote mbili, nikamwambia nilichofanya. Alizitazama muda mfupi tu. "Minajua, Furaha." Alisema yeye ndiye alikuwa anakuogesha, yeye ndiye alikuwa anakubeba mgongoni kukupeleka chooni, atakosaje kujua uzito wako. Alijua tangu turubai lilipofunguliwa. "Lakini wale watu walikuwa wananiangalia." Akaomba jambo moja, kwamba lile la langoni libaki hadi arubaini, maana kaka zako wa Kindu wangekuja, na kule pia yalikuwa yamefika maneno kwamba amekuua kwa njaa. "Lakini Mwamini, umupelekee yake. Ule mutoto hana kosa."

Kwa hiyo nilivuka mto, safari hii simu imefungwa kifuani, nikapanda pikipiki hadi Ubundu na picha iliyochapishwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Ningeweza kuituma. Lakini kosa nililifanya kwa kubonyeza, sikutaka na kuungama kuwe kwa kubonyeza.

Mwamini alinipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Alipoifungua picha aliweka kiganja juu ya mdomo wako, akatazama macho. Akahamisha kiganja juu ya macho, akatazama mdomo. Kisha akaondoa mkono. "Njo yeye," akasema, na hapo ndipo alipolia kile kilio alichokuwa amelinyima lile turubai. Aliniambia mtu akinenepa hunenepa mashavu, macho hayaachani. Ndiyo maana alijua.

Lakini kuna lingine aliloniambia, na kwa hilo, Tonton, nilikukasirikia, na leo bado sijamaliza. Aliniambia kila ulipompigia ulimwambia umenenepa. "Kwa simu aliniambia suruali hazimuenei tena." Tena ulicheka. Ulimkataza Mama Salima kumwita, eti barabara mbaya, eti ana mtoto mdogo, ataogopa bure. Alikuja akiwa tayari kukukuta mnene! Akaniuliza, "Alikondaka hivi na hamukuniita?" Jibu lilikuwa wewe. Mtu aliyekaa asubuhi nzima akipanga matofali ili askari asiyemjua asivutwe hata unywele, alijivuta mwenyewe kwenye simu, kwa binti yake, wiki baada ya wiki. Ningekuwa na wewe hapa ningekugombeza. Najua ungenijibu ulitaka akae na amani. Na mimi nilitaka ukute kitu kizuri.

Nilipoondoka alinipa kifurushi cha samaki wa moshi kilichofungwa kwa majani. "Peleka kwa mama," akasema. Hakusema Mama Salima. Alisema mama.

Jana tumesoma arubaini yako. Kaka zako watatu walifika, na yule mkubwa, Papa Saidi, akakaa kwenye mkeka mbele kabisa. Walikuwa wamekuja na picha ya turubai kwenye simu zao, mtu wa mtaani aliwatumia zamani. Kisomo kilipoisha na chai ikapita, Papa Saidi akainua macho langoni akasema polepole, kila mtu asikie, "Mutu na mwili kama ule. Alikufa namna gani, ghafla hivi? Alikula nini?"

Umesikia hilo? Mwembamba, mke amekunyima chakula. Mnene, mke amekutilia sumu. Nilimwona Mama Salima anashika ukuta. Picha iliyomlinda siku arubaini imemgeukia mbele ya wageni, na aliyeitengeneza ni mimi.

Nikasimama. Nikasema, "Ile picha ni mimi niliivuta. Tonton hakuwa hivyo." Wakanitazama kama mlevi. Kabla sijapata neno la pili Mama Salima alikuwa ameingia ndani, akatoka na ile ya kweli, nakala niliyomwachia, akailaza kwenye mkeka mbele ya magoti ya Papa Saidi. "Aliugua mwaka muzima," akasema. "Muangalie vizuri. Hivi njo alikuwa. Nilimupikia bila chumvi, nilimubeba. Ninyi hamukukuja." Hakupaza sauti.

Papa Saidi aliichukua kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na macho, akaielekeza kwenye mwanga. Mwisho akasema unafanana na baba yenu alipokuwa mzee. Hakuomba msamaha, unamjua kaka yako. Lakini sahani ya samaki wa Ubundu ilipowekwa, na Mama Salima akasema huyu ametumwa na binti yetu, Papa Saidi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Jioni wao wenyewe walilishusha turubai, wakalikunja. Sijui wamelipeleka wapi na sikuuliza.

Mama Salima hajanikasirikia kwa maneno. Hata hivyo leo asubuhi nilipopita kumsalimu alijibu akiwa anafagia, hakuinua kichwa, na nadhani itachukua muda. Mtaani nako wameshaanza. Kijana wa kinyozi amenipigia kelele, "Furaha, nivute na mimi nipate mashavu!" Nimecheka, maana wewe ungecheka. Wateja wawili hawakuja.

Ndipo nikakalia kiti chako.

Kazi niliyoifanya leo naomba uikague, ndiyo maana nakuandikia kwenye mashine yako mwenyewe. Picha yako ya kweli haijazi kioo, ilikuwa inabaki na nafasi ileile nyeusi iliyonishinda siku ile. Sikugusa vipimo vyako. Nimekusogeza upande wa kulia. Kisha nimechukua ukuta wetu, nikanakili ubao mmoja mmoja, nikaupanga kushoto, nikafuta mshono. Mbao tisa. Kwenye ubao wa nne rangi ilikuwa imebanduka kidogo, nikaiacha imebanduka. Imenichukua tangu asubuhi mpaka sasa, na umeme umekatika mara mbili katikati, nikangoja. Alama za mafaili zimekaa juu ya mbao, hakuna hata moja iliyokufikia. CD ni duara. Umekonda, na unacheka.

Pumzika, Tonton. Nitampigia Mwamini kila Ijumaa, na akiniuliza hali ya mama yake nitamwambia ilivyo. Nitakaa kwenye kiti hiki, na mtu yeyote atakayeniletea mtu wake nitamshika kwa kona. Uliniuliza mara tatu kama ya kwanza iko. Iko, Tonton. Nimeongeza ukuta tu. Wewe sijakugusa.

Furaha wako,
kibandani, Mangobo